Bi Mwajabu na Kidoa cha Nyuma ya Utosi

Mwajabu binti Sadallah bin Mwinshehe, wa Temeke, ndiye aliyemsuka bibi harusi mwenye surua akatoka anapendeza. Ndiye aliyemsuka kichaa wa sokoni, akatulia hadi mstari wa mwisho. Na ndiye aliyeninyoa mie kipara wiki tatu kabla ya ndoa yangu. Hilo la tatu ndilo ninaloandika.

Mwaka 1953 nilikuwa mchumba wa Leodegar, karani wa reli. Kila Jumamosi nilikaa mkekani mbele ya magoti ya Bi Mwajabu, na kila Jumamosi chanuo lake likanitoa damu palepale, nyuma ya utosi. Jumamosi moja nikachoka.

"Shikamoo niliyokuamkia naichukua tena, Bi Mwajabu! Mkono umekuwa jembe!"

"Jembe ni ulimi wako, Tekla. Tulia."

Akatenga nywele, akainamia utosi wangu.

"Mwezi wa Ramadhani hiki kidoa kilikuwa punje ya ulezi. Leo kokwa ya ukwaju, na kingo zimekuwa mapengo. Si chanuo, mwanangu. Kesho hospitali."

"Baada ya harusi."

"Harusi inataka bibi harusi aliye hai."

Nikamtukana, nikamwambia yeye ni mchawi wa nywele. Akachukua wembe. "Daktari hana subira ya msusi," akasema, akaninyoa huku nalia.

Kesho yake Bi Mwajabu akanipeleka hospitali; daktari alitazama, akasema ni saratani ya ngozi, ile ya doa jeusi.

"Kwa watu wa hapa mara nyingi hutoka unyayoni. Mtu huchechemea, akatazama, akaiona. Ya kichwani hujificha nyweleni, na ikihama hukimbilia tezi za shingo, hapo jirani."

Akanipapasa shingo hadi nikacheka kwa mtekenyo. Tezi zilikuwa safi.

"Nani aliyeiona mapema hivi?"

"Mie," akasema Bi Mwajabu, "na nikatukanwa."

Wakaikata, wakanishona. Niliolewa nikiwa na kipara chini ya shela. Leodegar alipoifunua akaguta: "Ala! Nimekuoa wewe au nimemwoa baba yako?"

Nywele zilipoota nikarudi kusukwa. Bi Mwajabu akakaa mkekani yeye, akafungua kitambaa cha kichwa. Miaka yote alijisuka mwenyewe, kwa kupapasa.

"Nimeona vichwa vya Temeke nzima. Changu sijakiona."

Akanikabidhi chanuo.

"Anzia nyuma ya masikio. Na kila Jumamosi, Tekla, usiruke hata mstari mmoja."