Jezi za Marehemu Kutoka Guangzhou

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya jezi. Timu yetu ya wasichana ilianzishwa na Pilar, mwalimu wa kujitolea kutoka Hispania, akaipa jina na rangi za klabu aliyoichezea ujanani: mistari ya kijani na nyeupe. Historia ya klabu hiyo aliisimulia mpaka watoto wakaishika kama sala. Wanawake wa kiwanda cha samaki wa kopo walianza kucheza saa ya chakula, kwenye kokoto, huku padri akiwafukuza. Baadaye klabu kubwa ya wanaume ikawachukua, ikawapa uwanja na nembo, wakapanda hadi ligi ya juu. "Atakayecheza vizuri nitampeleka kwao," Pilar alisema. Neema, mshambuliaji wetu, alianza kujifunza Kihispania kwenye simu. Mimi ni muuza vitenge tu, mlezi wa timu. Kama kuna nilichokisimulia vibaya, kosa ni langu, si la Pilar.

Guangzhou, China, siku ya kwanza, mvua. Nilifikia kwa Mama Odette, Mkongo wa Lubumbashi anayesafirisha mizigo, chumba kinachotazama barabara ya Huanshi Zhonglu. Anga lilikuwa kama maji yaliyokwisha kufuliwa nguo.

Kesho yake tulikwenda Shisanhang, soko la nguo za jumla. Tulipanda ghorofa tukisukumwa na mafurushi ya watu, na huko juu nikaziona: mistari ileile, nembo ileile, ndani ya nailoni. Nikapiga kelele. Laoban, ndiyo bosi wa duka, akashusha bei kabla sijafungua mdomo tena.

"Mama Asha, bosi anashusha mwenyewe?" Mama Odette alinong'ona. "Iko kitu."

Akamwuliza kwa Kichina. Yule bosi hakuficha, na haki yake nampa, maana angeweza kunyamaza akauza. Jezi ziliagizwa kwa ajili ya klabu yenyewe, hazikuchukuliwa. Klabu ya wanaume iliishiwa fedha, ikaivunja timu ya wanawake.

"Meiyou," akasema, akikung'uta viganja. Hakuna tena.

Jioni nilimtumia Pilar ujumbe wa sauti. Akajibu akilia: "Ni kweli, dada. Kila nikitaka kuwaambia, namwona Neema." Nilikasirika, kisha nikajiuliza kama mimi ningesema. Na wale wanaume, labda kweli hawakuwa na kitu, sikuwepo. Ila nimeona waliotangulia kukatwa ni akina nani.

"Sizinunui," nilimwambia Mama Odette. "Nguo za marehemu zile."

"Kwenu nguo za marehemu munatupa?" akauliza, huku akisonga bukari, ugali wa kwao.

"Tunawagawia ndugu."

"Basi! Wewe uko ndugu ao uko mupita njia? Jina lao munabeba bila haya, nguo ndiyo munaogopa? Eh, mama!" Akacheka mpaka mwiko ukasimama. Mimi sikuweza.

Asubuhi nikarudi nikazichukua zote.

Kigoma, siku ile ile ya kufika, nilipitiliza uwanjani na mfuko. Niliwaambia wasichana ukweli wote, hata lile la nguo za marehemu kugawiwa ndugu, nikaufungua mfuko hapo hapo, nikidhani jezi zitawapoza. Wengine walizipapasa. Neema alibaki amesimama.

"Nani aliwazika?"

"Sijui, mwanangu."

"Na mimi nilikuwa nakwenda wapi?"

Nikamnyooshea jezi namba tisa. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Mama Asha, maiti bado iko ndani, wewe unanigawia nguo?"

Akaondoka, viatu mkononi. Mazoezini hajarudi.

Nilichojifunza nilikuwa nakijua tangu utoto, na misiba nimekaa mingi. Nguo hugawiwa baada ya arobaini. Nadhani siku zile ni za waliobaki, wapate kuzoea. Mimi nilileta kifo na urithi katika mfuko mmoja. Huenda hata ningengoja angekataa, sijui, lakini sikungoja.

Jezi nimezirudisha kwenye nailoni. Kila jioni nakwenda kwao Neema, nakaa mkekani na mama yake, habari za mpira sizitaji. Watu wakipita wanatuuliza nani kafariki. Neema yuko ndani. Hajatoka.