Daktari Alisema Benchi Alazwe

Hakuna binadamu aliyewahi kunidanganya mimi. Mwongo namjua tangu yuko mlangoni anavua viatu.

Isipokuwa marehemu mume wangu, kwa miaka kumi na minane. Na yule kijana aliyeniuzia miwani. Na mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye ndiye habari yenyewe.

Basi ilikuwa hivi. Asubuhi ya siku ambayo mbwa wangu alipangiwa kufa, daktari wake alinipigia simu akaniuliza, "Bibi, mgonjwa amekojoa?"

Nikakaa. Nilikuwa nimeshakaa, lakini nikakaa tena.

Turudi nyuma kidogo, wasije wengine wakasema bibi kachanganyikiwa.

Mbwa wangu anaitwa Benchi. Ukimwona huulizi kwa nini. Mwili mrefu, miguu minne mifupi, tumbo linafagia sakafu. Ana miaka tisa, na miaka yote hiyo analala miguuni pangu kama mpangaji aliyelipa kodi.

Nyumbani tuko watatu: mimi, Benchi, na mdogo wangu, fundi cherehani. Mimi mjane, yeye hakuwahi kuolewa. Mama alipokufa mdogo wangu alikuwa anatambaa, nikamlea mimi. Mgongo huu mnaouona umepinda, umepindishwa na yeye.

Jumatatu asubuhi Benchi aliruka kutoka kwenye kochi, akapiga yowe moja tu. Miguu ya nyuma ikagoma.

Akawa anajiburuta kwa ile ya mbele, ya nyuma inamfuata kama soksi mbili zilizolowa. Hakulia tena. Aliniangalia kwa aibu, kama mtu aliyedondosha sahani ugenini.

Nyonga yangu hainiruhusu kupanda na kushuka teksi. Mdogo wangu akamweka kwenye beseni la kufulia, akampeleka kwa daktari wa wanyama. Nilimwombea dua mpaka gari likapotea kona.

Walirudi saa nane mchana. Benchi kalegea kwa dawa ya maumivu, ulimi nje.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema alazwe."

"Alazwe wodi gani? Mbona umerudi naye?"

Akavuta uzi, akaulamba ncha, akaanza kuutia kwenye sindano.

"Dada, mbwa halazwi kama mtu. Alazwe. Asiamke."

"Hakuna dawa?"

"Uti wa mgongo umeshakufa. Kesho saa nne nitamrudisha mwenyewe. Wewe usije, moyo wako hautaweza."

"Ulimwuliza vizuri?"

"Mara tatu. Hata daktari mwenyewe machozi yalimlengalenga."

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Daktari akimlilia kila mgonjwa, atatibu saa ngapi? Lakini nani anapekua maneno ya mtoto aliyemlea mwenyewe?

Nikasema sawa.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, wajukuu. Sikulazimishwa na mtu. Kwa mdomo wangu huu wenye meno kumi na moja, nilisema sawa.

Jioni nikamkaangia Benchi mayai mawili. Nikamwomba radhi kwa ile siku niliyomsingizia kwamba yeye ndiye aliyekula nyama ya wageni. Nyama nilikula mimi. Akayamaliza mayai, akanilamba kidole. Mdogo wangu alikuwa pale pale anashona, hakugeuza shingo.

Asubuhi saa mbili akatoka kwenda kununua vifungo. Nyuma yake, simu ikalia.

"Bibi, ni daktari wa Benchi. Namba yako nimeitoa kwenye kadi yake ya chanjo. Mgonjwa amekojoa?"

"Mwanangu, maiti akojoe ili iweje?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Maiti yupi, bibi?"

"Si ulisema alazwe?"

"Ndiyo, alazwe. Ndani ya kasha. Wiki sita."

Simu nikaihamishia sikio linalosikia. Nikamwambia, "Hebu nieleze taratibu, mimi niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililipita kwa kuchungulia."

Akaeleza vizuri, Mungu ambariki. Alisema kati ya pingili na pingili ya mgongo kuna vijimto laini. Kimoja cha Benchi kimechomoka mahali pake, kinabana uti wa mgongo. Mbwa warefu wa miguu mifupi ndio ugonjwa wao.

"Jana nilimbana kidole cha mguu wa nyuma," akasema. "Akauvuta mguu, akageuka kuning'ata. Nilifurahi sana."

"Ulifurahi kung'atwa?"

"Maana yake bado anasikia maumivu, bibi. Njia zipo mbili. Kuna upasuaji, ila hospitali ya wanyama inayoufanya iko mwendo wa siku nzima kwa gari, na mtikisiko wa safari wenyewe ni hatari. Na kuna kasha: dawa, hakuna kuruka, hakuna kutembea, na kumkamua kibofu kwa mkono kama hawezi mwenyewe. Akiacha kusikia kidole, hapo ni upasuaji haraka, hatungoji."

"Angekuwa wako?"

Akafikiri. Nilimsikia anafikiri.

"Ningeanza na kasha."

"Na asiposimama?"

"Basi atakuwa mbwa asiyesimama. Wapo wengi, wanakula vizuri tu."

Nikamwambia, "Kasha." Nikasema tena kwa sauti, Benchi naye asikie. "Kasha."

Halafu nikamwuliza swali moja. "Daktari, kuna mtu hapo kwako alizungumza habari ya kumuua?"

"Hapana, bibi. Mgonjwa wa namna hii? Wala halikutajwa."

Mdogo wangu akarudi na vifungo vyake. Akachukua beseni, akatandika taulo ndani. Taulo zuri, la wageni. Alikuwa anamuaga mbwa wangu kwa heshima zote.

"Saa zimefika, dada."

"Nilikuwa nawaza," nikasema. "Hivi kweli hakutaja njia nyingine?"

"Angetaja ningekuficha? Mimi?"

"Daktari kapiga simu."

Beseni likamponyoka.

"Anasema alazwe kwenye kasha. Wiki sita."

Akashika kichwa. Akakaa chini sakafuni, karibu na Benchi. "Jamani! Dada, nilisikia vibaya. Yeye alisema alazwe, alazwe, mimi nikajua ndiyo yale mambo ya kulaza wanyama. Habari za kasha sikuzisikia kabisa. Nife kama nilisikia neno kasha."

"Na machozi ya daktari?"

"Labda alikuwa na mafua."

Nikacheka. Niseme ukweli, nilicheka, na kicheko kikamsamehe kabla yangu. Neno lenyewe lilikuwa linamtetea. Mgonjwa analazwa apone, mwingine analazwa asiamke, na herufi ni zile zile. Nikampa mkono nimwinue, mimi mwenye nyonga mbovu.

Funzo nalitoa hapa hapa katikati, maana huko mwisho nitakuwa na hasira: neno la daktari lifuateni kwa daktari. Likipita kwenye mdomo wa pili linashonwa upya, na fundi hulishona kwa kipimo chake.

Na wale mnaotaka kulia, ngojeni msiba mwingine. Benchi mzima. Wiki sita nilimhudumia mwenyewe, kumkamua mkojo namweka juu ya meza kwa sababu mimi kuinama siwezi. Wiki ya nne akatingisha mkia. Leo anatembea, kiuno kinayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake, lakini anatembea.

Ila siku ile tulikuwa bado hatujafika huko. Tulikuwa tunafuta machozi, tumesameheana, mdogo wangu amerudi kwenye cherehani yake, mara hodi.

Alikuwa fundi saa.

Huyu ni mgane wa mtaa wa pili, amekuwa akija kumwamkia mdogo wangu kila Alhamisi tangu mwaka jana. Mtu mpole, anaongea kama anahofia kuamsha mtoto. Saa yangu ya ukutani ilikaa kwake miezi mitano kwa kubadilishwa mshale mmoja. Hakuna kazi aliyowahi kuimaliza siku aliyoahidi, na hilo mdogo wangu alilijua kuliko mtu yeyote.

Siku hiyo alikuwa amebeba kasha begani. La mbao, jipya, mlango wa wavu, kigodoro ndani.

"Shemeji, samahani nimewahi," akasema. "Sikulala. Nimemletea Benchi chumba chake."

Cherehani ikanyamaza.

"Nani alikwambia habari za kasha?" nikamwuliza.

"Si daktari, jana. Nilikutana nao pale nje kwa daktari, nikaingia nao. Mwenzangu huyu ndiye aliyempima na kuandika, mimi nikaondoka na karatasi."

Akatoa karatasi mfukoni, akanipa. Mwandiko ule naujua, ndio ulioandika vipimo vya kila gauni la mtaa huu. Urefu. Kifua. Kiuno. Na chini yake, umepigiwa mstari: *Aweze kugeuka, asiweze kuruka.*

Nilimtazama mdogo wangu. Yeye alikuwa anatazama kibiringo cha uzi.

Fundi saa, masikini, akadhani tunamhuzunikia mgonjwa. Akajitahidi kutufariji.

"Mwenzangu alikuwa na wasiwasi jana. Akasema shemeji hawezi kuinama, itabidi abaki yeye kumuuguza, na harusi ni wiki mbili zijazo. Nikamwambia mbwa kwanza. Harusi itangoja."

"Harusi ya nani?"

Akanitazama mimi. Akamtazama yeye. Kasha akaliteremsha polepole mpaka sakafuni.

Kumbe. Benchi alikuwa anauawa ili tarehe isisogee.

"Mwenzangu," fundi saa akasema, na ile sauti yake ya kutoamsha mtoto ikawa ndogo zaidi, "uliniambia dada yako anajua tangu mwezi uliopita. Ulisema ndiye aliyekuchagulia kitambaa cha gauni."

"Gauni gani?" nikauliza.

Mdogo wangu akatandaza viganja vyote viwili juu ya kitambaa cheupe kilichokuwa chini ya sindano.

"Hili ni la mteja," akasema.