Chokaa ya Mwezi wa Mlisho

Siku hizi vijana hunijia na kuniuliza Kilwa na pwani yote ya Lindi kuna nini cha kwenda kutazama. Huwatajia. Nendeni Kisiwani mkauone msikiti mkubwa na nguzo zake, vukeni mpaka Songo Mnara, tembeeni Kivinje mtazame milango, na mwenye miguu apande milima ya Umatumbi akaingie mapangoni. Kijijini kwetu simwelekezi mtu. Wakiniuliza nako kuna nini, nasema kuna mikoko na mbu, na huo si uongo.

Kijiji chetu kiko kusini ya Kilwa, penye hori la maji ya bahari yaingiayo kati ya mikoko, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kina msikiti wa kale usio na paa, na ubavuni mwake yapo makaburi ya mawe yasiyofika ishirini. Moja, kubwa kuliko yote, lina bakuli la kijani la Kichina lililopachikwa ukutani, limevunjika nusu. Hatukuyaita magofu. Tuliita kwa wazee. Mtu akitaka kwenda Lindi kukata mkonge, kwanza alipita kwa wazee akawaaga, ndipo akafunga safari.

Mwenye kuyatunza alikuwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi. Kila mwaka katika mwezi wa mlisho, yaani Shaabani, siku chache kabla ya vunja jungu, makaburi yalifagiliwa na kupakwa chokaa ili Ramadhani iwakute wazee wetu wasafi. Desturi ilikuwa wanawake wafagie na kuchota maji, wanaume wapake. Kwetu wanaume walikwisha, wengine vitani, wengine kwenye mkonge, na mimi nilikuwa shuleni Lindi. Basi shangazi alipaka mwenyewe kwa kumbi la nazi lililopondwa, kanga kaikaza kiunoni, huku akiwasema kwa majina majirani wasiokuja kumsaidia.

Chokaa yenyewe tuliichoma sisi. Tuliokota mawe yaliyoanguka kutoka kuta za msikiti, tukayapanga juu ya magogo ya mkoko, tukayachoma mpaka yakawa meupe na mepesi, kisha tukayamwagia maji. Hakuna aliyeona ubaya. Jiwe limeanguka kwa wazee, linarudi kwa wazee.

Kando ya kaburi la mama yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Shangazi aliipalilia nafasi ile kuliko uwanja wa nyumba yake. "Hapa pangu," alikuwa akisema, bila huzuni yoyote, kama mtu anayeonyesha kiti chake barazani. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumzaa, na sidhani alitaka kitu kingine duniani zaidi ya kulala pale.

Nilipomaliza shule nilirudi na Kiingereza kidogo na majivuno mengi. Ndipo akaja Mzungu mmoja aliyetumwa na serikali kuandika mahali pa kale katika wilaya. Alitaka mtu wa kumwongoza na kumfasiria, nikapatikana mimi. Tulianzia bara. Tulipita Njinjo, tukapanda mpaka Kipatimu, na huko akawauliza wazee habari za mapango ambamo watu walijificha wakati wa vita vya Maji Maji. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Mle mna popo, bwana." Mzungu akauliza mara ya pili, na ya tatu. Jibu likawa lile lile, popo.

Njiani nilimwambia Mzungu kwamba watu wa bara hawajui thamani ya vitu vyao. Mwenyezi Mungu anisamehe. Wale wazee walijua, kuliko mimi niliyesoma, kwamba kitu kikishaingia katika daftari la mkubwa kimepata mwenyewe mwingine. Mimi nikamwambia, twende kwetu, nitakuonyesha mambo. Hakuna aliyenituma.

Tulifika kijijini katika mwezi wa mlisho wa mwaka ule, chokaa haijakauka vizuri. Makaburi yaling'aa katikati ya vichaka. Mzungu alivua kofia, halafu akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kujifunza vitabuni, ni nani anayeyafanya meupe namna hii. Nikavimba kifua. Nikamweleza yote: shangazi, kumbi la nazi, siku za kufagia, na jinsi tunavyookota mawe ya msikiti tukayachoma kila mwaka.

"Mawe gani?" akauliza.

Nikamwonyesha tanuri letu lilikokuwa, chini ya ukuta wa kibla. Akaenda akachuchumaa, akapekua majivu kwa mkono, akatoa kipande kilichochomwa nusu. Kilikuwa na nakshi ya kamba iliyosokotwa, na chini yake herufi za Kiarabu. Akakifuta kwa leso. Herufi zikageuka unga mkononi mwake, akabaki na kiganja cheupe. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu tumefanya hivyo miaka mingapi, nami nikajibu kwa fahari, "Tangu zamani, bwana." Bado nilidhani atatusifu.

Nitasema hapa jambo ambalo shangazi hakulikubali mpaka kufa kwake: Mzungu yule hakukosea yote. Nimesimama mbele ya ukuta ule mara nyingi tangu siku hiyo, nikatazama mapengo yake, na najua mawe yalikokwenda. Tuliyapaka juu ya makaburi, mvua za masika zikayaosha, mwaka hadi mwaka. Lakini kukosea kwetu ni jambo moja, na alichokuja kufanya yeye ni jambo jingine.

Baada ya miezi michache vikaja vigingi. Vilizunguka msikiti na makaburi yote, na penye njia ukasimamishwa ubao. Ni marufuku kuchoma mawe. Ni marufuku kupaka chokaa. Ni marufuku kukata mti, kuchukua kitu, kuchimba. Na kwa kuwa ubao hauna miguu ya kumkimbiza mtu, akatafutwa mlinzi anayejua kusoma. Nikapewa suruali fupi ya kaki na kofia, nikavipokea. Nilitaka kazi, na kusema kweli nilitaka ile kofia.

Nilimkuta shangazi uani akipepeta mchele. Nikamsomea yaliyoandikwa kwenye ubao, moja baada ya jingine. Hakuacha kupepeta.

"Kwa hiyo mwenye nyumba abishe hodi kwake," akasema.

"Kuingia unaweza, shangazi. Kupaka tu ndiko hakuna."

"Na Ramadhani iwakute na ukungu?"

Akaweka ungo chini. "Chokaa waachie wao. Nikifa sitaiona. Nakuomba jambo moja, mwanangu, wewe unayejua kusema nao. Nafasi yangu kwa mama. Waambie hiyo ni ya mtu."

Nikamwahidi. Nikaandika barua kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, nikaeleza kwamba mwanamke mmoja tu anaomba kuzikwa karibu na mama yake. Jibu lilikuja kabla ya masika kwisha. Lilikuwa fupi: hakuna kuchimba ndani ya vigingi kwa sababu yoyote ile. Nikalikunja, nikalificha katika msahafu wangu, mahali ambapo hapafai kufichwa uongo.

"Wamejibu?" aliniuliza siku ile.

"Bado, shangazi."

Aliuliza tena baada ya Idi, na tena wakati wa kuvuna mtama, na tena mwaka wa pili. Kila mara nilimjibu bado. Ilifika mahali akaacha kuuliza akaanza kunituliza mimi, kwamba wakubwa wana kazi nyingi, nisiwachokoze. Mwezi wa mlisho ulipofika alikwenda akafagia tu, akaketi kwenye nafasi yake, akarudi. Makaburi yalianza kuota kijani. Nilimwona anavyoyatazama, na nilijichukia, lakini sikujichukia kiasi cha kusema kweli.

Aliugua homa siku nne. Siku ya mwisho alikuwa na fahamu zake zote, na alinishukuru kwa kumshughulikia nafasi ile. Nilimshika mkono nikaitikia.

Asubuhi wanawake walipokuwa wakimwosha, wanaume walitangulia makaburini na majembe. Aliyewaongoza alikuwa mzee jirani yetu, mchimba makaburi wa miaka mingi. Alivuka kigingi bila kukitazama, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi la mama yake shangazi, akapima kwa hatua.

"Hapa, sivyo?" akaniuliza.

"Haturuhusiwi, babu."

"Alituambia umemwombea."

"Nimeomba. Wamekataa."

Majembe yakatulia. Mzee akaegemea jembe lake. "Mzungu yuko wapi leo?"

"Sijui. Labda Dar es Salaam."

"Basi nani atamwambia?"

"Mimi ndiye mlinzi," nikasema.

"Najua ni wewe. Na yule ndiye aliyekulea. Nenda nyumbani kidogo, ukirudi utakuta tumemaliza. Hukuona kitu."

Alikuwa amenipa njia. Nilichotakiwa kufanya ni kutembea hatua chache. Nilifikiri barua iliyokuja, nikafikiri jina langu lililoandikwa juu yake, nikafikiri kofia na kazi. Nikasema hapana.

Hakuna aliyegombana nami. "Kikulacho ki nguoni mwako," mzee akasema taratibu, akabeba jembe lake, akavuka kigingi cha mwisho, na huko, kando ya njia ya kwendea pwani wanakopita mbuzi, akaanza kuchimba. Nilivua kofia nikasaidia kutoa udongo. Hawakuninyang'anya koleo, ila hawakunisemesha tena, hata jeneza lilipofika.

Mzungu hakurudi. Kaki ilichanika, nikaomba nyingine, sikujibiwa. Mchwa wakala vigingi kimoja baada ya kingine, ubao ukaanguka kwenye mvua, na hakuna aliyekuja kuuliza habari zake.

Haukupita mwaka tangu tumzike shangazi, yule mzee mchimba makaburi akafiwa na mkewe. Wakamzika mle ndani, karibu na lile bakuli la Kichina, mchana kweupe, watu wote wakitazama. Mzee hakuniomba ruhusa, na mimi sikumwambia neno. Nilisimama nyuma nikaitikia dua pamoja na wengine, na hapo nikajua kwamba siku ya shangazi hakuna mtu aliyemzuia, si Mzungu wala serikali yake, ila mimi.