Filamu Niliyomtafsiria Mama

Nikimsikia mtu anapasua mbegu za alizeti kwa meno, kwek, kwek, kama panya mwenye adabu, narudi Tottenham, sebuleni kwa Mama Rojda, ghorofa ya chini yetu. Zulia jekundu, chai nyeusi kwenye vigilasi visivyo na mkono vilivyotuunguza vidole, pazia limefungwa mchana kweupe ili televisheni ionekane vizuri. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi na Mama tulikuwa tumefika nchi ya Waingereza kutoka kwetu Uvira miaka miwili kabla. Mimi si mtu wa kuandika, shule niliiacha mapema nikaenda kutunza wazee, kwa hiyo nikichanganya jambo mnisamehe. Ila sitapamba. Nilishapamba mara moja, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mama Rojda alikuwa Mkurdi. Jina lake lilikuwa jingine, lakini Mama hakujua namna ya kumwita mwanamke mzima kwa jina tupu, akampa la binti yake. Yule naye akalipokea kwa kicheko. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana wanawake wa kwao walikuja na kaseti za video ndani ya mifuko ya plastiki, filamu za vita vya kwao, zilizonakiliwa tena na tena mpaka picha zikawa kama zinanyeshewa mvua. Ndani yake mlikuwa na wasichana wa milimani, suruali pana, mshipi kiunoni, bunduki begani. Walipigana, lakini si muda wote. Walioka mikate juu ya bati la moto, walicheza ngoma wameshikana vidole, waliimba mpaka wengine sebuleni wakaitikia.

Mama hakujua Kikurdi wala Kiingereza cha kutosha. Basi Rojda, ambaye tulikuwa darasa moja, alininong'oneza kwa Kiingereza, nami nikamnong'oneza Mama kwa Kiswahili. Watoto wa nyumba kama zetu wote tulikuwa na kazi hiyo, hospitalini, shuleni, barua zikija. Filamu ilimfikia Mama imepita vinywa viwili vya watoto, imechelewa kama ngurumo baada ya umeme. Wenzake walicheka, wakanyamaza, ndipo Mama akacheka peke yake.

"Angalia ule anasuka mwenzake!" alisema siku moja. "Na bunduki ameilaza pale kama mwiko!"

Maneno yake yakarudi kwa njia ile ile, mimi, Rojda, halafu wote. Sebule ikalipuka. Bibi mmoja akajibu kwamba mumewe alikuwa akiogopa mwiko zaidi.

Lakini Mama hakuja kwa ajili ya kucheka. Mdogo wake wa mwisho, Mama mdogo Sifa, alikuwa na miaka kumi na saba watu wenye silaha walipopita mtaani kwetu wakaondoka naye. Wengine walisema alitekwa, wengine kwamba alifuata mwenyewe. Sikuona, siwezi kuhukumu. Habari zake zilikatika hapo. Mama alizitazama zile filamu kama mtu anayesoma barua ya Sifa. "Uliza wanakula nini. Uliza kama wanapata kuoga. Uliza kama wanarudiaka nyumbani." Rojda alichoka, lakini nisimwonee, aliuliza kila mara.

Sasa, ile filamu. Binti mwenye msuko mrefu anamuaga mama yake mlangoni, anapanda mlimani. Tulimfuata saa nzima, na Mama alikuwa amekwisha kumpenda. Alikuwa na pengo kwenye meno ya mbele, na Sifa pia alikuwa nalo. Halafu ghafla hayupo tena. Kijana mmoja anagonga mlango wa yule mama, mkononi ana kitambaa cha kichwa cha binti. Anazungumza kwa muda mrefu, macho chini. Kufa kwenyewe hatukuonyeshwa.

Wanawake wakaanza kulia. Rojda akaninong'oneza kwamba binti amekufa. Akaendelea na maneno mengine ya yule kijana, nami niliyasikia, lakini akili yangu ilikuwa imekwama kwenye lile la kwanza.

Mama alinikamata mkono. "Neema, anasema nini? Sema!"

"Anasema... binti amemtuma alete kitambaa. Mama yake amtunzie. Atarudi mvua zikikatika."

"Na hawa wanalia nini?"

"Furaha, Mama."

Basi Mama akasimama katikati ya sebule ya watu wanaolia, akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele kirefu cha Uvira, kile cha harusi.

Wote wakamgeukia. Nilitamani zulia linimeze. Kisha Mama Rojda akafuta macho kwa upande wa kanga aliyopewa na Mama, akainuka, akamjibu kwa kigelegele chake, na wengine wakafuata, machozi yanatiririka. Baadaye kwenye ngazi Rojda alinieleza: kwao mpiganaji akizikwa, akina mama humpigia vigelegele kumpa heshima. Walidhani Mama anajua. Siku ile Mama Rojda alimfungia mikate minne ya kupeleka nyumbani. Mimi nikamshukuru Mungu, nikaona nimeponea chupuchupu.

Sikuponea. Mama alimnunulia Sifa blanketi. Mjomba alipopiga simu kutoka Uvira akisema labda wakati umefika wa kuweka matanga, alimfokea mpaka jirani akagonga ukuta. "Weye, usinizikie mtoto! Hata kule kwa Wakurdi binti alirudi!" Nilikuwa nimekaa pale na kazi ya shule mapajani. Sikusema kitu, wala mwaka uliofuata, wala uliofuata huo.

Tulikuwa tumekwisha kuhamia Barking wakati mwanamke mmoja, aliyekuwa porini pamoja na Sifa, alipofika Bujumbura akatupigia simu. Alisema Sifa alikufa mwaka ule ule aliochukuliwa. Wakati Mama anapiga kigelegele, alikuwa hayupo tena duniani. Kaburi? Yule mwanamke hakujua. Alisema walikuwa wanakimbia. Tukakaa matanga na picha tu, bila hata udongo wa kushika.

Wiki moja baadaye nilimwambia Mama ukweli wa filamu. Siku mbili alinipakulia chakula bila kuniangalia. Simlaumu. Yule mtoto niliyekuwa mimi naye siwezi kumtupia lawama zote, ingawa kuna siku namtupia. Siku ya tatu nilimkuta jikoni anakatakata sombe, majani ya muhogo.

"Sasa tafsiri," alisema.

"Nini, Mama?"

"Ule kijana. Alisema nini?"

Yale maneno nilikuwa nayo yote. "Alisema binti amekufa asubuhi. Wasichana wenzake wakambeba mpaka penye maji. Wakamzika chini ya mti wa jozi, wakapanga mawe ili mahali pajulikane."

Mama akaweka kisu chini. "Walimzika."

"Ndiyo."

"Walimwosha?"

Sijawahi kutamani kusema ndiyo kama siku ile. "Hilo hakusema, Mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Lakini walimbeba."

"Walimbeba."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono ya kijani ya sombe imelala mapajani, akalia kwa sauti ambayo sikuisikia siku zote za matanga. Nilizima jiko nikakaa naye.

Sisemi angefarijika ningemwambia siku ile. Huenda angeanguka pale pale kwenye zulia. Lakini nikiwa mtoto nilisikia neno moja, kufa, nikadhani mengine yote ni maneno tu ya kujazia. Sikujua kwamba Mama, hata kama angepasuka moyo, angekwenda nyumbani na kitu: kwamba wasichana wa porini wanabebana, wanapangiana mawe. Nilidhani namficha kifo. Nilichomficha ni mazishi.