Kesi ya Mkanda wa Jeshi

Mume wangu ni fundi viatu, lakini ukimwita fundi viatu ananuna. Anataka aitwe Mpelelezi. Mwaka wa kumi na nane huu anasaka sinema zilizopotea, zile zilizoonyeshwa kwenye kumbi kabla kumbi hazijageuzwa maghala ya saruji, na kwa muda wote huo amepata tatu. Mbili kati ya hizo zilikuwa matangazo ya sabuni. Nilizitazama zote mpaka mwisho, na sijui ni mke gani mwingine angefanya hivyo.

Kibanda chake kiko kati ya duka la dawa na cherehani ya jirani yetu. Ukutani amebandika karatasi: NATAFUTA MIKANDA YA ZAMANI. Siku ile ile nilimwambia, "Baba, wewe ni mtu wa ngozi. Ukiandika mkanda watakuletea wa suruali." Akasema watu wana akili zao. Tangu hapo analetewa mikanda ya suruali kila wiki, anaitoboa matundu huku amevimba, na karatasi haibadilishi. "Sinema ni neno la watazamaji," anasema. "Sisi wa kazi tunasema mkanda." Sisi wa kazi! Jamani.

Kesi ninayotaka kuisimulia ni ya huyo jirani mwenye cherehani. Mama yake alifariki yeye hajatimiza hata mwaka, na picha mbili zilizokuwepo zililowa mvua ya bati bovu zikafutika. Amefika miaka hamsini na nne hajui sura ya mama yake. Alichoachiwa ni maneno ya mama yake mkubwa: kwamba mama aliwahi kuigiza, mara moja tu, katika sinema ya kuchekesha ya mpishi wa jeshi. Mpishi anateleza na sufuria la uji, na dada mmoja mwenye ndoo kichwani anamcheka. Huyo wa ndoo ndiye mama. Jina la sinema hakuna aliyelikumbuka. Watu waliiita mkanda wa jeshi, basi.

"Kaka, nataka kumwona tu, hata mara moja," jirani alimwambia mume wangu. "Nikijitazama kwenye kioo sijui nimefanana na nani."

Nilikuwa nimekuja kumgombeza mume wangu kwa kuacha chakula kipoe. Nikavuta kigoda, nikasikiliza. Mambo yake ya sinema hayakuwahi kunigusa kabla ya siku ile.

Mpelelezi akaingia kazini. Daftari mkononi, kalamu sikioni, koti mwilini hata jua likiwaka. Miezi mitano kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa mwingine, mpaka akapata namba ya mjane wa mzee aliyekuwa akiendesha mtambo wa sinema katika mji wa jirani. Akapiga, akaweka spika ili mimi na jirani tusikie.

"Shikamoo mama. Samahani, ni kweli marehemu mzee alikuwa na mkanda wa jeshi?"

"Marahaba mwanangu. Eh, alikuwa nao," bibi akajibu. "Alikuwa nao mpaka anafariki."

Jirani alinishika mkono mpaka ukauma.

"Ulikuwa wapi, mama?"

"Kiunoni. Ulianzia mgongoni ukazunguka mpaka huku mbele."

Mume wangu akaandika: aliuficha kiunoni.

"Na ulimuunguza vibaya, mwanangu. Ukiugusa tu, moto."

"Mikanda ya zamani ni hatari kwa moto," akatunong'oneza, macho yamemtoka. "Mama, tunaweza kuja kesho?"

"Njooni. Nina mafuta ya kupaka."

"Mnaona?" akasema baada ya kukata simu. "Wameutunza. Wanaupaka mafuta usikauke!"

Na mimi, ambaye baba yangu mzazi aliugua mkanda wa jeshi nikayaona malengelenge kwa macho yangu mawili, nilitikisa kichwa kukubali. Furaha ilinifunga akili, sina la kujitetea.

Kesho yake tulipanda basi watatu. Jirani alikuwa amejishonea gauni jipya kwa ajili ya safari hiyo. Bibi alitukaribisha sebuleni, akatupa maji, akamtazama mume wangu juu mpaka chini, kisha akasema, "Haya mwanangu, vua shati nione ulipofikia."

Nilianza kucheka kabla sijajizuia. Nikacheka mpaka nikamwona jirani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti akilikunja pindo la lile gauni, kidogo kidogo, kama anataka lote liishie mkononi. Kicheko kikanikauka. Mume wangu alitoa kalamu sikioni.

"Dada, nisamehe," akasema. "Nimekuchezea roho."

"Kwani mlikuwa mnatafuta nini?" bibi akauliza.

"Sinema, mama. Ya mpishi wa jeshi."

"Ile ya dada wa ndoo? Si mngesema sinema!"

Nikamkata mume wangu jicho.

Sinema yenyewe haikuwepo. Ilirudishwa kwa wenyewe zamani, na bibi alisikia kwamba waliitupa. "Lakini pale pa ndoo ndipo palipokuwa panakatikakatika," akasema. Kila siku dada yule akicheka, ukumbi mzima ulicheka naye, kisha watu wakapiga miluzi: rudisha, rudisha! Marehemu alirudisha. Akarudisha tena. Mkanda ukachakaa pale pale na kukatika, naye akawa anatoa kipande kilichochanika, anaunga ncha mbili kwa gundi, anaendelea. Vipande hakuvitupa. Aliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo bibi analo, maana hakuwa na moyo wa kutupa kitu cha mumewe.

Mume wangu alinawa mikono kwanza. Alivishika vipande kwa kingo, kimoja kimoja, akivichungulia kwa ile lenzi anayotumia kutafuta mishono, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kazi hii anaijua. Kipande cha urefu wa kiganja kilimsimamisha. Akampa bibi, bibi akatazama, akaitikia kwa kichwa: ndiye. Basi akampa jirani kipande na lenzi, akamsogeza dirishani.

Jirani alitazama muda mrefu.

"Anacheka," akasema. Kisha, "Lakini ni mdogo! Jamani, huyu ni mtoto. Binti yangu wa mwisho ni mkubwa kuliko huyu." Machozi yalikuwa yakimtiririka naye anatabasamu. "Miaka yote hii natamani angenibeba. Kumbe wa kubebwa ni yeye."

Bibi akamkumbatia. Mimi nililia waziwazi, sioni haya kusema.

Kesi ikiisha mume wangu huandika neno moja chini ya ukurasa: Umepatikana, maana ni mkanda. Kwenye basi la kurudi nilichungulia daftari lake. Alikuwa ameandika: Amepatikana.