Barua ya Majaribio

Fundi wa kompyuta hana haraka. Kabla ya kugusa kibodi hujifuta vidole kwenye suruali, kimoja kimoja, kisha huiambia mashine, "Haya bibie, tusikilizane." Leo anamwekea karani programu ya kupokelea barua pepe papo hapo kwenye kompyuta, ili aache kuzifuata mtandaoni kila asubuhi. Karani alipoandika nywila, fundi aligeukia ukutani na kufumba macho, kama mtu aliyemkuta mkwewe anaoga. Programu ikakataa mara mbili. "Inaringa tu," akasema, akabadilisha namba moja kwenye mipangilio, ikakubali.

Karani akashukuru, akidhani yamekwisha. Wapi! Fundi akatuma barua ya majaribio, akakunja mikono, akangoja. "Kutuma si kazi, dada. Kazi kujibiwa." Baada ya dakika tatu jibu likaingia, kutoka kwa mama mzazi wa fundi: "Imefika, mwanangu. Hii ya nne leo. Umekula?"

Fundi akajikuna kisogo, akaanza kutafuta begi lake. Karani akasogeza bakuli lake la chakula katikati ya meza, akavuta kibodi, akajibu mwenyewe: "Bado, mama. Ndiyo kwanza ananawa mikono."