Kanzu Isiyo Yake

Mimi subira sina, na mwaka ule nilizidi. Kila aliyepita chini ya dirisha letu, hapo Mji wa Kale, nilimwona mbeya. Aliyenisalimu sana nilijiuliza yuwataka nini. Asiyenisalimu nilimlaani. Kakangu alikuwa rumande, ameshtakiwa kumuua rafikiye bila kukusudia, ati yeye ndiye aliyempa unga wa kulevya uliomuua. Mamangu naye, mwanamke ambaye hajapata kugombana hata na muuza samaki, alikuwa nje kwa dhamana kwa kosa la kuharibu ushahidi.

Rafiki mwenyewe alikuwa mtoto wa nyumba ya pili, amekulia kwetu. Mamake na mamangu walipelekeana sahani tangu sijazaliwa, na sahani haikurudi tupu hata siku moja. Ukipeleka mkate wa sinia, yarudi na kaimati.

Alikufa alasiri, chumbani kwa kakangu, juu. Kakangu alishuka ngazi akipiga ukelele, akakimbia kutafuta teksi. Tulipopanda mimi na mama, kijana alikuwa ameshakuwa baridi, shati lote matapishi. Mama hakulia. Aliniagiza maji, akampangusa uso na mdomo, akamvua lile shati, akamvisha kanzu ya kakangu iliyotoka kupigwa pasi. Shati akalirowesha ndooni kwa sabuni. Akafukiza ubani chumba kizima. Halafu nikamwona akiingia msalani, mkono wa kulia ameufumba, nikasikia maji yakimwagwa mara tatu.

Hospitalini, mamake marehemu alifunua shuka, akaishika nguo ukosini.

"Kanzu hii si yake," akasema. "Nguo za mwanangu ziko wapi?"

Basi hapo ndipo yalipoanza. Polisi walikuta chumba chanukia ubani na shati liko kambani, limefuliwa. Mtu asiye na la kuficha hufua shati la maiti? Walivyouliza wao ndivyo mtaa mzima ulivyouliza, na wallahi, nami niliuliza, moyoni. Kakangu aliapa kwamba mwenzake alikuja na unga wake mwenyewe kutoka Bondeni, na kwamba kete nyingine mbili, vile vikaratasi vinavyofungiwa unga, zilikuwa mfukoni mwa shati lake. Mfuko gani? Shati lilikuwa safi. Nilimtazama kupitia wavu wa rumande nikajisemea, mwongo mkubwa we. Niliamini mama alimwaga unga wa mwanawe ili amwokoe. Nilikula naye, nikalala naye chumba kimoja, na kila mara macho yangu yalikuwa kwenye ule mkono wake wa kulia.

Wakili alimsihi mama aseme alichotupa. Mama akamkaribisha chai. Siku moja tukichambua mchele, nikashindwa.

"Mama, ulitia nini msalani?"

Akaendelea kuchambua.

"Kete mbili," akasema. "Na sindano. Zilikuwa mfukoni mwa marehemu."

Lahaula! Nusura nipindue sinia. "Mfukoni mwake? Kakangu yuko ndani wiki ya tisa, nawe wanyamaza?"

"Wataka mamake azikute? Kanishika mkono hitimani, kaniuliza, mwanangu alikuwa akitumia? Nikamwambia la, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Maiti husitiriwa, mwanangu."

"Na aliye hai?"

"Aliye hai ana mdomo wa kujitetea."

Mdomo upi huo, ikiwa hata mimi dadake sikumsadiki? Nilivaa buibui langu nikavuka uchochoro hadi kwao marehemu, mama akiniita nyuma kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Sikupiga hodi. Nilimwambia yule mama kila kitu, nimesimama, kwa hasira, hata pole sikumpa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Toka kwangu," akasema.

Nikajua nimeharibu. Wiki mbili nzima nilishuku kila mlango uliofunguka upande wao, nikingoja watutendee lolote. Kesi iliposikizwa tena, alikuja kortini, nduguze wanaume wakimzuia mpaka mlangoni. Akaapa, akasema mwanawe alikuwa mtumiaji, mwaka wa pili huo. Kwamba alikuwa akivaa mikono mirefu juani. Kwamba yeye mwenyewe alizikuta sindano akazitupa, tena na tena, akamficha babake.

"Hata mimi nilifua mashati," akasema. Hakutuangalia hata mara moja.

Mashtaka yakaja kufutwa, ya kakangu na ya mama. Siku aliyorudi kakangu nyumbani, mlango ukabishwa. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na sahani yetu yenye maua ya samawati, iliyokuwa kwao tangu kabla ya msiba. Juu yake pamewekwa ile kanzu, imefuliwa na kupigwa pasi. Niliinua kanzu nikatazama chini yake. Sahani ilikuwa tupu.

Mama aliipokea kanzu akaketi nayo mapajani, akiipapasa ukosi. Kakangu alisimama tu ukumbini, amekonda, hajui akae wapi. Nilitaka mtu acheke, au alie, au aniambie ahsante. Mama akaniangalia.

"Nduguyo umemtoa," akasema. "Na mwana wa watu umemvua."

"Ndiyo," nikamwambia. "Nimemvua."